Nilijenga zamani: je, sheria mpya za mazingira na maji zinanihusu?

SUALI: Assalamu alaykum. Nina nyumba ya wageni Jambiani, vyumba 8, niliyoijenga 2009. Maji nayapata kwenye kisima changu, na maji machafu yanakwenda kwenye karo la kawaida, lile la shimo. Sasa nataka kuongeza vyumba 6 na bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4. Ila naambiwa sheria zimebadilika. Jirani yangu mmoja amesimamishwa ujenzi, mwengine ametakiwa apeleke vipimo vya maji. Mimi nilijenga kabla ya mambo hayo, je yananihusu? Na kama yananihusu, nianze na lipi nisije nikatupa pesa? Kisima chenyewe siku hizi kiangazi kinatoa munyu. Tena mdogo wangu anataka kununua kiwanja karibu na chemchem ya Bububu, asije akanunua mgogoro.

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Yanakuhusu, tena hata kama usingeongeza chumba kimoja. Lakini hilo la munyu uliloliandika mwishoni ndilo la kushughulikia kwanza, kabla ya ofisi yoyote, na nitalirejea kwa urefu.

Tuanze na hoja ya “nilijenga kabla”. Ulipojenga 2009, Sheria ya Maji Namba 4 ya 2006, iliyounda Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA), ilikuwa tayari ina miaka mitatu. Sheria ya mazingira ya 1996 nayo ilikuwepo. Kilichokuja baadaye ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya 2015, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya 1996 na kuunda Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA). Kabla yake, Sheria Namba 7 ya 2013 ilikuwa imeunda ZURA, inayodhibiti huduma za maji na nishati. Kwa hiyo ukimwambia mkaguzi kuwa wakati unajenga hakukuwa na sheria, hoja hiyo haitasimama. Kubwa lililobadilika ni kwamba sasa kuna mamlaka maalumu yenye wakaguzi wake, na ofisi nyengine zinakutaka karatasi za ZEMA na ZAWA kabla hazijakupa karatasi zao.

Tofauti ya zamani na mpya iko kwenye njia unayopitia. Mradi mpya unapita kwenye tathmini ya athari za mazingira kabla haujaanza. Mradi uliokwisha kujengwa unapita kwenye ukaguzi wa mazingira: unaeleza kilichopo, madhara yake, na mpango wa kurekebisha wenye tarehe. Wewe una yote mawili, nyumba ya zamani na nyongeza mpya. Usikubali ushauri wa kuombea vile vyumba 6 peke yake kama kwamba vile 8 havipo. Kisima ni kimoja, karo ni moja, na maji ya vyumba vyote 14 yanatoka na kuingia mahali pamoja. Mtu wa ZEMA akifika atauliza hilo kabla ya jengine lolote, na ombi lililokatwa vipande ni sababu ya kawaida ya faili kurejeshwa.

Jengine la kulishika mapema: mazingira na maji si mambo ya Muungano. Fomu za NEMC, baraza la mazingira la Bara, na kanuni za Bara hazitumiki Unguja wala Pemba. Watu wengi wanazipakua kwenye intaneti, wanamlipa mtu awajazie, kisha hazipokelewi. Mfano ulio wazi ni umbali wa kujenga kutoka baharini. Sheria ya Bara ya 2004 inataja mita 60. Hapa Zanzibar kipimo kinachotumika ni mita 30 kutoka alama ya maji kujaa.

Nazo mita 30 hizo zipimwe wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, si siku ya maji mafu. Kwenye fukwe zetu za mashariki, ambako ardhi ni tambarare, tofauti ya alama hizo mbili huweza kuwa mita kadhaa za ardhi. Mpeleke mpima, aweke alama mbili za zege ndani ya kiwanja, na mstari huo uonekane kwenye ramani utakayowasilisha. Ikiwa bahari imekula pwani tangu 2009 na sehemu ya nyumba yako sasa imo ndani ya mstari, matengenezo ya kawaida ni jambo moja, kuongeza jengo au kuchimba bwawa ndani yake ni jengine kabisa. Bwawa lipeleke nyuma. Na usijenge ukuta wa kuzuia mawimbi bila kibali, hata kama pwani inaliwa mbele ya macho yako. Wimbi likipiga ukuta ulio wima halifi. Linarudi na kuchimba mchanga chini ya msingi na kwenye ncha za ukuta, na jirani wa upande wa pili ndiye anayepoteza pwani mwanzo. Mchanga wa ujenzi nao una vibali vyake. Kuuzoa ufukweni ni kosa, na lori likikamatwa mwenye mradi naye huulizwa.

Sasa kisima.

Chini ya ardhi ya maweni kama ya Jambiani hakuna mto wala ziwa. Kuna tabaka la maji baridi yaliyotokana na mvua, yaliyokaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kidogo. Kanuni yake ni hii: kwa kila mita moja ambayo maji baridi yamepanda juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Hesabu inakwenda hivyo hivyo kinyume. Pampu yako ikishusha maji ndani ya kisima kwa sentimita 25 tu na kuyaweka hapo kwa muda mrefu, mpaka wa chumvi chini ya kisima unaweza kupanda hadi mita 10. Karibu na pwani maji baridi yamepanda kwa sentimita chache tu, kwa hiyo huna akiba kubwa. Na maji ya bahari hayahitaji kuingia mengi. Lita moja yake ina kloraidi kama miligramu 19,000, na ladha ya chumvi huanza kusikika kloraidi ikipita miligramu 250. Sehemu mbili kati ya mia zikichanganyika, maji yote yameharibika.

Ndiyo maana kisima kikianza munyu, dawa inayopendekezwa na mafundi wengi, yaani kukichimba zaidi, hukimaliza. Unausogelea mpaka wa chumvi. Kinachosaidia ni kuvuta polepole kwa saa nyingi. Ukihitaji lita 10,000 kwa siku, pampu ya lita 3,000 kwa saa itazitoa kwa saa tatu na kitu, na katika saa hizo itavuta munyu. Pampu ya lita 600 kwa saa itazitoa kwa saa 17, na maji ndani ya kisima hayatashuka sana. Inataka tangi kubwa zaidi, basi. Ikiwezekana, visima viwili vya kina kifupi vilivyo mbali mbali, mbali na pwani, ni bora kuliko kimoja kirefu, lakini kila kimoja kinataka kibali chake cha ZAWA kabla ya mashine ya kuchimbia kufika. Kampuni ya kuchimba ikikwambia ianze kazi na kibali kitafuata, iache. Kisima kikishachimbwa bila kibali, wa kufungiwa ni wewe.

Kabla hujafanya lolote kati ya hayo, pima. Fundi bomba akufungie mita ya maji kwenye bomba linalotoka kisimani, kabla ya tangi. Nunua kipimo cha mkononi cha chumvi, kile kinachosoma maikrosiemens kwa sentimita. Maji ya bahari husoma karibu 50,000, kwa hiyo kila sehemu moja katika mia ya bahari inayoingia kisimani huongeza kama 500. Pata daftari lenye safu hizi: tarehe, saa, maji yamejaa au yamekupwa, bamvua au maji mafu, kina cha maji kisimani, chumvi kabla ya kuwasha pampu, chumvi baada ya saa moja ya kuvuta, na namba ya mita. Mara moja kwa wiki inatosha, na siku za bamvua upime mara mbili, maji yakijaa na yakikupwa. Visima vya pwani hupanda na kushuka na bahari, hivyo kipimo kisichoandikwa hali ya maji hakisemi kitu. Kina unakipima kwa kamba isiyonyumbuka yenye uzito mdogo mwishoni, siku zote kutoka alama ile ile kwenye mdomo wa kisima.

Daftari la miezi mitatu, likiwa limegusa kiangazi na mvua, litakusaidia mara mbili. Kwako, litakuonesha kama munyu unatokana na kuvuta kwa kasi (chumvi inapanda ndani ya saa ile moja kisha inashuka usiku) au tabaka lenyewe limechoka (chumvi iko juu hata asubuhi kabla ya pampu). La kwanza linatibika kwa pampu ndogo. La pili linamaanisha kisima hicho hakitabeba vyumba 14, na ni heri ulijue kabla ya kumwaga zege. Kwa ZAWA na ZEMA, litakuwa ndiyo msingi wa ombi lako. Jirani yako aliyetakiwa vipimo pengine alipeleka karatasi moja ya maabara iliyopimwa siku moja ya masika, ambayo haithibitishi chochote kuhusu kiangazi.

Tufanye hesabu ya mahitaji. Vyumba 14 vikijaa ni wageni 28. Kwa matumizi ya uangalifu, lita 300 kwa mgeni, ni lita 8,400. Ukiweka jiko, kufua na wafanyakazi, sema 10,000. Lakini utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa 2001 kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja ulikuta wastani wa lita 685 kwa mgeni kwa siku, na hiyo kwa wageni 28 ni lita 19,180. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya hoteli ilikuwa inakwenda bustanini. Kwa hiyo usianze kwa kubadilisha vichwa vya bafu, anza na majani. Nyasi za zulia zinazomwagiwa mchana kwenye ardhi ya maweni ni maji ya kunywa yanayopotea kwenye nyufa. Panda mimea ya pwani inayostahimili, na kinachohitaji maji kimwagiwe maji yaliyosafishwa ya kuogea.

Mvua usiidharau. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 250 likipata mvua ya milimita 40 siku moja ya masika ni lita 10,000, na ukitoa kinachopotea unabaki na 8,000. Tatizo ni makuti. Maji ya makuti hutoka ya rangi ya chai na yamejaa takataka, yanafaa kusukumia choo tu. Ikiwa unataka paa likupe maji ya maana, upande wa nyuma wa majengo mapya uwe wa bati, na uweke bomba la kumwaga lita 250 hadi 500 za mwanzo zinazosafisha vumbi na kinyesi cha ndege. Kisiwa cha Chumbe kinaendesha nyumba zake za wageni kwa maji ya mvua yanayohifadhiwa chini ya nyumba zenyewe, kwa hiyo jambo hili lipo na linaonekana.

Bwawa lako, kwa kina cha wastani cha mita 1.4, litachukua kama lita 45,000. Kulijaza kwa kisima kwa siku tatu ni kukiua kisima. Lijaze kwa maji ya boza kutoka chanzo chenye ruhusa, au kidogo kidogo kwa mwezi mzima. Baada ya hapo jua na upepo vitachukua kama milimita 5 au 6 kila siku, yaani lita 160 hadi 190, na kusafisha chujio kutachukua mita moja ya ujazo au mbili kwa wiki. Maji hayo ya kusafishia chujio yana klorini. Yakipelekwa karoni yanaua bakteria wanaofanya kazi ya karo, yakimwagwa pwani yanafika kwenye mashamba ya mwani. Yaweke kwenye tangi lake, wazi, siku mbili au tatu klorini iruke, kisha yatumike kusukumia choo.

Huenda ukashawishiwa kununua mashine ya kuondoa chumvi. Inawezekana, ila fahamu kinachobaki. Kupata lita 10,000 kutoka maji ya bahari unavuta kama 25,000, na lita 15,000 zinazobaki zina chumvi zaidi ya mara moja na nusu ya bahari. Ukizirudisha kwenye shimo ndani ya kiwanja unakiharibu kisima chako na cha jirani. Ukizimwaga kwenye maji machache ya ndani ya mwamba, wakati wa maji kupwa, utaua mwani. Mtambo huo peke yake ni suala la tathmini, uutaje kwenye ombi tangu mwanzo kama unaufikiria.

Tuje kwenye karo, ambako ndiko penye hatari kubwa kwako kisheria. Karo la shimo lisilo na sakafu lilikuwa likifanya kazi pale ambapo udongo ni mzito na nyumba ni chache. Kwenye maweni hakuna udongo wa kuchuja. Kuna nyufa na mapango, na maji machafu yanaweza kufika kisimani au baharini yakiwa karibu kama yalivyotoka chooni. Ule umbali wa mita 30 kati ya karo na kisima unaosemwa kila mahali ni wa chini kabisa na umefikiriwa kwa ardhi ya udongo. Kwenye jiwe lenye nyufa, umbali peke yake haulindi. Tena chini ya shimo la kufyonza panatakiwa pabaki angalau mita 1.5 hadi usawa wa maji. Kiwanja cha ufukweni ambacho maji yanapatikana kwa mita 3 hakiwezi kuwa na shimo la mita 3, kwani hapo unatia kinyesi ndani ya maji moja kwa moja.

Unachohitaji ni tangi lisilovuja, likifuatiwa na hatua ya pili ya kusafisha. Kati ya lita 10,000 zako, 8,000 zitarudi kama maji machafu. Tangi la siku mbili na nusu ni mita 20 za ujazo: upana mita 2, kina cha maji mita 1.5, urefu mita 6.7, ukuta wa katikati ukiacha chumba cha kwanza cha mita 4.5. Bomba la kuingilia liwe juu ya la kutokea kwa sentimita 5 hadi 7, yote mawili yawe na kiungo cha T, na mguu wa T ya kutokea ushuke kama sentimita 60 ili usichukue mafuta yanayoelea wala tope la chini. Jiko liwe na mtego wa mafuta wake kabla ya kuungana na mabomba mengine, na usafishwe kila wiki. Mafuta ya kukaangia ndiyo yanayoziba kila kitu kinachofuata.

Kabla fundi hajafukia, mwambie alijaze tangi maji, aweke alama ya penseli ukutani na aliache saa 24. Siku ya kwanza zege kavu hunywa kidogo, kwa hiyo mjaze tena na kupima saa 24 nyengine. Maji yakishuka mara ya pili, linavuja, na hapo kulitengeneza ni kazi ya mifuko michache ya saruji. Piga picha za alama hiyo zenye tarehe, uziweke kwenye faili.

Ukichagua tangi la plastiki, lifungwe kwenye sakafu ya zege kwa mikanda. Tangi la lita 10,000 likizungukwa lote na maji ya ardhini husukumwa juu kwa nguvu ya kama tani 10, na siku gari ya kunyonya itakapolimaliza wakati wa masika au bamvua, litang’oka na kukata mabomba. Bwawa la kuogelea nalo lisiachwe tupu kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hatua ya pili, kwa nyumba ya ukubwa wako ningependelea kitalu cha matete kuliko mtambo wa umeme unaowapulizia hewa bakteria wanaosafisha maji. Kadiria mita 2 za mraba kwa mtu. Kwa watu 30 ni mita 6 kwa 10, kina sentimita 60, chini na pembeni pametandikwa turubai zito lisilopitisha maji, ndani kokoto ngumu zilizooshwa, na usawa wa maji ukae sentimita 10 chini ya kokoto ili mbu wasizaliane. Kokoto zisizooshwa huziba mlangoni mwa kitalu mwaka wa kwanza. Mtambo wa umeme unachukua nafasi ndogo, ndio, lakini umeme ukikatika kwa muda mrefu bakteria hukosa hewa na kufa, na miezi ya masika wageni wakipungua bakteria hao wanakosa chakula. Msimu unapofunguka unaanza upya, na maji yanayotoka wiki hizo hayafiki kiwango. Viwango vya Tanzania vya maji yanayoachiwa kwenye mazingira ni BOD (oksijeni ambayo vijidudu huitumia kuozesha uchafu) isiyozidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayotakiwa kuuvunja uchafu kwa kemikali) 60, chembe zinazoelea 100, na pH kati ya 6.5 na 8.5. Sharti litakalokufunga wewe ni lile lililoandikwa kwenye cheti chako, lisome hilo.

Sampuli ya maabara ichukuliwe asubuhi yenye wageni, iwekwe kwenye barafu, na ifike mjini siku hiyo hiyo. Ya vijidudu inataka chupa iliyochemshiwa maabara na ifike ndani ya saa sita. Sampuli iliyolala kwenye gari itakupa matokeo mabaya usiyostahiki, au mazuri ambayo hayatarudia.

Kwa upande wa ofisi, mpangilio unaookoa pesa ni huu. Hakiki kwanza karatasi za ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 12 ya 1992 ardhi yote ni ya umma na wewe una haki ya kuitumia kwa masharti, kwa hiyo angalia hati inasema matumizi gani na mipaka ipi. Kisha nenda kwa Sheha, ufanywe mkutano na wanakijiji, wakiwemo kinamama wa mwani na wavuvi wa pale mbele, na muhutasari wake usainiwe. Usiufanye kwa ajili ya saini tu, kwani hao ndio wanaojua wapi maji hutoka ufukweni yakikupwa na njia gani ya kwendea pwani isifungwe. Baada ya hapo peleka maelezo ya mradi ZEMA ili waamue unahitaji kiwango gani cha tathmini, na sambamba peleka ombi la maji ZAWA ukiambatanisha daftari lako. Michoro kamili ya ujenzi ilipwe baada ya ZEMA kujibu, kwani masharti yao mara nyingi husogeza bwawa, karo au jengo.

Wakikutaka tathmini kamili, mtaalamu awe amesajiliwa, na uone usajili wake ungali hai. Soma ripoti kabla hujasaini. Ukikuta inazungumzia mikoko ambayo Jambiani kwako haipo, ujue ni ripoti ya mahali pengine iliyobadilishwa jina. Hakikisha idadi ya vyumba, ukubwa wa bwawa na lita za maji ni zile zile kwenye kila karatasi. Malipo yote ya serikali yafanyike kwa namba ya malipo, si mkononi. Na ukipewa cheti, yatoe masharti yake kwenye karatasi moja yenye jina la mhusika na tarehe ya kila moja, ibandike ofisini. Mkaguzi atakuja na masharti hayo hayo mkononi.

Kuhusu mdogo wako. Chemchem za upande wa Bububu zimekuwa zikilisha mji kwa mabomba tangu enzi za Sayyid Barghash (1870–1888), na msitu wa Masingini ulio juu yake umehifadhiwa kwa sababu ya maji hayo. Kiwanja cha bei nafuu karibu na chanzo cha maji mara nyingi kina sababu ya bei yake. Asitegemee kwamba tayari kuna nyumba jirani, wala karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mashahidi. Achukue nukta za mipaka kutoka kwa mpima, aandike barua ZAWA kuuliza kama kiwanja kimo ndani ya eneo la hifadhi ya chanzo cha maji, na nyengine Kamisheni ya Ardhi kuuliza matumizi yaliyopangwa. Majibu yawe ya maandishi, yenye mhuri na namba ya kumbukumbu. Mpaka yafike, asitoe hata arubuni. Muuzaji akisema hawezi kusubiri, amuachie mnunuzi mwengine.